Buck ni mfanyakazi kwanza, mbwa baadaye

Tangu Jack London achapishe The Call of the Wild mwaka wa 1903, wasomaji wake hawajaacha kuvutana. Wapo wanaoisifu kama wimbo wa uhuru: mbwa wa nyumbani anaibwa, anapelekwa kaskazini kwenye baridi kali, anajifunza kuishi, na mwishowe anajiunga na mbwa mwitu. Wapo wanaoifunga katikati kwa kuchoshwa na damu, marungu na meno. Na huku kwetu, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Chuka na Meru, lipo kundi la tatu linalosema kwa upole kwamba hadithi ni nzuri lakini si yetu. Theluji tunaiona kileleni tu, mbwa wetu hulinda boma na hawakokoti chochote, na dhahabu ya Klondike iligombewa kabla babu zetu hawajazaliwa. Naona makundi yote matatu yanakiacha kitabu njiani. The Call of the Wild ni riwaya ya kazi. Inahusu mzigo: nani anaubeba, nani anaupanga, nani analipwa, na mbebaji hufanywa nini nguvu zikimwishia. Ikisomwa hivyo, msomaji wa miji ya Mlima Kenya hana haja ya kujiona mgeni ndani yake. Anaweza hata kuisoma kwa jicho kali zaidi kuliko wale ilioandikiwa.

Ushahidi wa kwanza umo kitabuni. Riwaya ina sura 7, na katika sura 4, ya pili hadi ya tano, Buck yumo kwenye kamba za sleji, kile chombo kisicho na magurudumu kinachoburutwa juu ya theluji. Wizi unaoanzisha hadithi umetokana na ujira: anayemuuza ni msaidizi wa mtunza bustani, mtu wa kamari ambaye mshahara wake hautoshi kulisha mke na watoto. Buck anafundishwa utii kwa rungu na mwanamume aliyevaa sweta jekundu, kisha anauzwa kwa Perrault na François, wanaopeleka barua za serikali ya Kanada. Kutoka hapo London anaandika kama karani mwenye daftari la hesabu. Kwa muda usiozidi miezi 5 mbwa hao wamekwenda maili 2,500, karibu kilomita 4,000. Uzito wa Buck umeshuka kutoka ratili 140 hadi 115, yaani kutoka kilo 63 hadi 52 hivi. Waendeshaji wenyewe wamechoka na wanatazamia mapumziko marefu, wao na mbwa wao. Badala ya mapumziko inakuja amri: barua zimerundikana, mbwa wapya wamepatikana, waliochoka wauzwe. Hakuna aliyewakasirikia mbwa hao wala aliyewaonea kwa makusudi. Ofisi imepiga hesabu tu, na hesabu imewatoa.

Kabla ya mauzo hayo kuna kurasa chache ambazo kwangu ndizo bora kuliko zote kitabuni, nazo hazimhusu Buck. Zinamhusu Dave, mbwa mkimya anayefungwa karibu kabisa na sleji, mahali penye uzito mkubwa. Dave anaugua ndani kwa ndani; wanampapasa mifupa yote wasione kilichovunjika. Wanamfungua ili atembee bila mzigo, naye anakataa. Anakimbia kando ya njia kwenye theluji laini, anaanguka, analia, anajaribu kumsukuma Sol-leks aliyepewa nafasi yake. Msafara ukisimama, anapita mbwa wote hadi kwenye sleji yake, anazikata kamba za Sol-leks kwa meno, na kusimama mahali pake akisubiri kufungwa. Wanamfunga. Anaanguka tena na tena, sleji inamkanyaga mguu. Kesho yake hawezi hata kusimama, na mwendeshaji mmoja anarudi nyuma peke yake na bastola. Mbwa walio mbele wanausikia mlio na wanajua.

Msomaji mwenye msimamo wa kutetea wafanyakazi anaweza kuuliza hapa kama London hasifu utumwa. Mnyama anayelilia kamba inayomuua si ndoto ya kila mwajiri? Swali hili ni zito kuliko yote yanayoulizwa kuhusu kitabu hiki. Jibu lake limo katika mpangilio wa matukio. Dave anakufa kwa uaminifu. Siku chache baadaye wenzake wote, walio waaminifu vilevile, wanauzwa kwa bei ya chee. Lau London angetaka kutufundisha kwamba utiifu hulipa, angemwachia Dave mwendeshaji anayelia na kaburi lenye alama, na wenzake angewapa nyasi na mapumziko. Hakufanya hivyo. Ametuonyesha jinsi kazi inavyomwingia kiumbe mpaka akashindwa kujijua nje yake, kisha akatuonyesha kwamba wanaonufaika na hali hiyo hawana deni lolote wanalolikumbuka. London aliyajua hayo kabla hajauona Klondike. Alipokuwa kijana huko California alifanya kazi katika kiwanda cha kupakia vyakula makoponi na kiwanda cha magunia kwa senti 10 kwa saa, na mwaka wa 1896 akajiunga na chama cha kisoshalisti. Huko kaskazini alikaa kwenye baridi ya 1897 na 1898, akarudi na kiseyeye badala ya dhahabu.

Sura ya tano inawaleta wanunuzi: Hal, dada yake Mercedes, na Charles, mumewe. Watu hawa hawajawahi kuona njia ya theluji. Wanapakia hema, masanduku, vyombo vya bati na nguo hadi sleji inapinduka mjini watu wakitazama. Baada ya kupunguza mzigo wananunua mbwa zaidi hadi wanafika 14. Hapo London anaeleza kwa sentensi chache jambo ambalo kila mtu wa njia ile alilijua: sleji moja haivutwi na mbwa 14 kwa sababu haiwezi kubeba chakula cha mbwa 14. Lakini Hal na Charles walikuwa wamepiga hesabu kwa penseli: mbwa wangapi, kila mbwa kiasi gani, siku ngapi. Kwenye karatasi jibu lilitoka. Njiani chakula kinaisha nusu ya safari, na Mercedes, mwenye uzito wa ratili 120, anakaa juu ya mzigo kwa sababu amechoka. Mbwa wanakufa mmoja baada ya mwingine. Wenye sleji hawaioni kamwe kama matokeo ya mpango wao. Wanawalaumu mbwa, halafu wanalaumiana. Sijui riwaya nyingi zilizoeleza kwa ukali wa namna hii jinsi mpango unavyoweza kupendeza mezani huku ukiwa hukumu ya kifo kwa yule asiyekuwepo mezani.

Ndipo nasema kitabu kinafaa kusomwa chini ya mlima huu. Historia iliyoandikwa ya Mlima Kenya kwa sehemu kubwa ni historia ya mizigo. Halford Mackinder alipofika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba 1899, waliosimama juu walikuwa Wazungu watatu; waliowafikisha huko ni wapagazi Waswahili na Wakikuyu, na baadhi ya Waswahili waliuawa katika safari hiyo wakitafutia msafara chakula. Miaka 10 baadaye, 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alipita Nyeri akaenda kuwinda ndovu kwenye miteremko ya mlima, akiwa na wapagazi zaidi ya 200. Safari hiyo ilimalizika kwa wanyama 512 waliouawa na yeye na mwanawe Kermit. Miongoni mwa mizigo lilikuwamo sanduku la alumini lenye maktaba yake ya safarini, vitabu kama 60 vilivyojaladiwa upya kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, damu na vumbi. Homer, Shakespeare, Dante na Mark Twain walikuwa humo. Roosevelt mwenyewe aliandika kwamba sanduku lilikuwa na uzito wa chini kidogo ya ratili 60, mzigo wa mpagazi mmoja. Mtu mmoja, basi, alipanda na kushuka mabonde ya nchi hii akiwa na kilo 27 za fasihi kichwani. Orodha ya vitabu hivyo ilichapishwa nyuma ya kitabu cha Roosevelt cha 1910. Orodha kama hiyo ya wapagazi haimo.

Miaka michache baadaye mzigo haukuwa tena wa uwindaji. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume wa Nyeri, Murang'a na Kiambu walichukuliwa kwa maelfu kwenda kubebea majeshi ya Uingereza chakula na risasi katika Tanganyika ya Wajerumani. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa, wengi wao kwa kuhara, malaria, baridi na njaa kuliko kwa bunduki. Mitaa ya Kariokor jijini Nairobi na Kariakoo huko Dar es Salaam inalibeba jina la kikosi chao hadi leo. Maafisa waliopanga chakula chao kwa wakia na siku nao walikuwa na penseli. Unga ulitosha kwenye karatasi, ukawafikia watu wakiwa wameshazidiwa na ugonjwa. Waliobahatika kurudi walikuta sheria ya kipande, iliyopitishwa 1915, ikianza kutekelezwa, na mwanamume akitakiwa kuvaa shingoni kikopo cha chuma chenye karatasi ya kuonyesha ni nani aliyemwajiri na alimlipa nini. Anayetoka katika historia hii akaisoma sura ya tano hahitaji kuelezwa theluji. Leo hii, vijana wanaopandisha mizigo ya wageni kutoka Naro Moru, Sirimon na Chogoria kuelekea Lenana wanaijua hoja ya sleji kwa mabega yao.

Najua jibu litakalokuja haraka: ni matusi kuwaweka babu zetu katika sentensi moja na mbwa. Hasira hiyo ina sababu, kwa maana mkoloni alizoea kulinganisha hivyo kwa nia ya kudhalilisha. Lakini wasomaji wa Kiswahili wana uzoefu wa zamani na hadithi za aina hii. Wamemsoma Boxer, yule farasi wa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere iliyotoka 1967, na hakuna aliyedhani George Orwell amewatukana wafanyakazi kwa kumpa mfanyakazi kwato. Tofauti ni kwamba wanyama wa Orwell wanaongea na kupiga kura; wa London hawaongei, na sababu ya msomaji kubabaika ni hiyo. Anatafuta fumbo kama la sungura na fisi asilione. London hasemi Buck ni mtu. Anasema mzigo ule, rungu lile na ile hesabu ya chakula vinamfanyia kazi yake kiumbe yeyote aliyefungwa kamba. Kinachotweza ni kamba, si kiumbe. Huku kwetu pia mwandishi amekwisha kupita njia hiyo: Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, aliandika Jimi the Dog na Little White Man, vyote vya 1990, na katika hicho cha pili urafiki wa mtoto wa mpishi na mjukuu wa mlowezi unamea kwenye shamba la Mzungu wakati wa Hali ya Hatari. Mtoto huyo ana mbwa wake, na hadithi inayoanza kama matembezi ya wavulana porini inaishia kwenye swali la nani ni bwana na nani anapika. Mwangi hakuhitaji theluji kulifikia swali hilo.

Kuna pingamizi la Roosevelt mwenyewe, na linanivutia kwa sababu ya alichokuja kufanya hapa. Mwaka wa 1907, akiwa bado rais, alimtaja London hadharani miongoni mwa waandishi aliowashutumu kwa kughushi tabia za wanyama. Hasa aliishambulia White Fang, riwaya ya 1906 iliyofuata ile ya Buck, akidai mapambano ya wanyama yaliyomo hayawezekani. London alimjibu 1908. Alisema alikuwa amejihadhari kwa makusudi, akikatiza hadithi mara kwa mara kumkumbusha msomaji kwamba mbwa wake hawafikiri kama watu, wanatenda tu. Ukiirudia riwaya utaona amesema kweli. Hata tukimpa Roosevelt haki katika habari za wanyama, hoja yake haigusi kinachopimwa hapa. Inawezekana Buck anakumbuka kuliko mbwa anavyoweza kukumbuka. Lakini uwiano wa mbwa na chakula, kupungua kwa uzito, vidonda vya nyayo ambavyo François anavitengenezea Buck viatu vya ngozi kutoka kwenye viatu vyake mwenyewe: hayo ni mambo ya mtu aliyekuwepo akatazama kazi ikifanywa. Mwindaji hodari aliyejua kila unyoya wa ndege aliona wanyama kitabuni. Mizigo hakuiona, wala sishangai.

Pingamizi ambalo silipingi ni la ubaguzi. London, pamoja na usoshalisti wake, aliamini ubora wa watu weupe na aliandika hivyo waziwazi. Katika sura ya mwisho anawaleta Wayeehat, kabila la asili alilolitunga, ambao wanamuua John Thornton, bwana wa mwisho wa Buck, na kuuawa na Buck. Hawana sura, hawana jina la mtu hata mmoja, hawasemi neno. Hatuambiwi kwamba wale wachimba dhahabu huenda walikuwa wamepiga kambi kwenye ardhi ya watu. Msomaji wa Nyeri anapaswa kusimama hapo, kwani anaijua fasihi ya namna hiyo. Robert Ruark, Mmarekani mwingine, aliwaandika watu wa misitu hii mwaka wa 1955 katika Something of Value, na wengi waliosoma kitabu hicho ng'ambo walibaki wakidhani Mau Mau walikuwa kelele tu gizani. Ninachoongeza ni kwamba ubovu huu wa London unaingia pale hasa anapoacha kuangalia kazi. Ilimradi mzigo uko mbele yake, anaona kila kitu: njaa, ujira, bei, ujinga wa wenye mali. Mzigo ukiondoka, dhahabu ikawa inaokotwa tu mtoni na mbwa akalala kando ya moto, jicho lake linafifia na watu wanageuka vivuli. Filamu ya 2020 iliwaondoa Wayeehat kabisa, kifo cha Thornton kikahamishiwa kwa Hal. Sioni kama hilo ni marekebisho. Limemwondolea mtazamaji swali alilopaswa kuulizwa.

Basi vipi kuhusu uhuru, wanaouliza ni wengi, maana jina la kitabu lenyewe linazungumzia mwito? Mwito upo, sikatai. Ila wanaoipenda sura ya Thornton kama sura ya upendo waisome tena taratibu. Thornton amemwokoa Buck na anampenda kweli. Halafu siku moja katika baa huko Dawson anajigamba, anawekewa dau, na Buck anafungwa kwenye sleji yenye ratili 1,000 za unga, karibu kilo 450, iliyogandia kwenye barafu. Anaivuta yadi 100. Kwa dakika 5 amemwingizia bwana wake dola 1,600, na fedha hizo ndizo zinazolipa madeni ya Thornton na kugharimia safari ya mgodi uliopotea. Bwana mwema kuliko wote kitabuni naye ameishi kwa mgongo wa mbwa wake. London haweki neno la lawama, wala hafichi kiasi. Buck anaingia msituni wakati hakuna tena mkono unaoshika kamba, na hii si sawa na kwenda kujifurahisha na mandhari. Watu wa nchi hii walioingia Nyandarua na Mlima Kenya baada ya Oktoba 1952 hawakuitwa na uzuri wa mianzi. Nyuma yao kulikuwa na mashamba ya walowezi na kipande, na kuanzia 1954 vijiji vya lazima vilivyozungushiwa mahandaki. Msomaji mwenye kumbukumbu hiyo atauelewa mwito bila kuupamba.

Walimu wetu wamekwisha kuwafundisha wanafunzi The Pearl ya John Steinbeck, kitabu cha mvuvi wa Meksiko, na A Doll's House ya Henrik Ibsen, tamthilia ya mke wa Norway, na hakuna aliyeshindwa kwa sababu ya umbali. The Call of the Wild ni fupi kuliko riwaya nyingi. Darasa au kikundi cha wasomaji katika maktaba ya Nyeri kinaweza kuimaliza kwa wiki 2. Ningeshauri wasianze na ukurasa wa kwanza, ule wa jaji na jua la California, unaowafanya wengi wadhani ni hadithi ya mbwa wa tajiri. Waanze na kifo cha Dave mwishoni mwa sura ya nne, waingie moja kwa moja kwenye sura ya tano, kisha warudi mwanzo. Baadaye wakiweke kando ya Little White Man ya Mwangi wajadili mpishi na mbwa kwa pamoja. Mwalimu wa hisabati naye aalikwe kwa kipindi kimoja, awape wanafunzi mbwa 14, sleji moja, ratili kadhaa za samaki wakavu kwa kila mbwa kwa siku na safari ya Hal, wapige hesabu wenyewe waone ni mbwa wa ngapi anapoanza kubeba chakula chake peke yake na si kitu kingine chochote.